Gauni la kiuno cha juu, na yule asiye na cherehani

Mazungumzo na wanafunzi wapya wa darasa la kushona

Ninyi vijana wawili wa kiume mlioketi kule nyuma kama wageni, karibuni mbele.  Darasa hili ni lenu pia.

Tangu tuanze kuandika majina, swali tumelisikia ni moja tu: "Mwalimu, cherehani nitatoa wapi?" Hapa darasani tuna cherehani tatu, nanyi mko kumi na tisa. Kila mwaka tunaona mambo yale yale. Wiki ya kwanza watu wanajaa mpaka benchi hazitoshi. Wiki ya tatu wale wasio na cherehani nyumbani wanaanza kukosa. Kufikia mwezi wa pili wamebaki wenye mashine zao ama wenye ndugu wa kuwanunulia. Wale walioondoka si ati ni wavivu. Wamechoka kungoja zamu. Basi mwaka huu sisi walimu tumekubaliana kwamba nguo ya kwanza mtaishona nyote kwa mkono, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na nguo yenyewe tumekwisha kuichagua. Ni gauni la Kiingereza la miaka 200 iliyopita.

Tunasikia minong'ono. Ngojeni kidogo tueleze.

Wengi wenu mmeliona gauni hili bila kujua habari zake. Tangu mwisho wa 2020, mchezo wa filamu uitwao Bridgerton umekuwa ukizunguka kwenye simu, na wasichana wanatuletea picha wakiuliza kama fundi wa hapa anaweza. Kiuno cha gauni hili hakiko kiunoni. Kiko juu, chini kidogo tu ya matiti, halafu kitambaa kinateremka moja kwa moja mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mikono ni mifupi, imefura kama andazi. Waingereza huuita mtindo wa Regency, maana yake wakati wa kushikiwa ufalme. Mfalme George wa Tatu alikuwa amerukwa na akili, na mwanawe akatawala kwa niaba yake tangu 1811 hadi 1820, mzee alipofariki. Lakini magauni yenyewe yalianza kabla ya hapo, tuseme kama 1795, na Ufaransa ndiko yalikovaliwa kwa mbwembwe zaidi, na akina Joséphine mke wa Napoleon. Watu wa siku hizo walikuwa wakiangalia sanamu za kale za Wagiriki na Warumi, wakataka kuonekana kama zile sanamu. Ndiyo sababu mengi yalikuwa meupe.

Sasa sikieni jambo lililotufanya tulichague. Katika miaka hiyo yote hakuna fundi hata mmoja aliyeshonea cherehani. Hazikuwapo. Mfaransa Thimonnier alipata hati ya mashine yake mwaka 1830. Elias Howe wa Marekani akapata yake 1846, na Singer, huyu ambaye jina lake mnalijua nyote, 1851. Kwa hiyo kila gauni mnaloliona katika makumbusho ya Ulaya la wakati huo, hata lile la malkia, lilishonwa kwa sindano moja na vidole vya mtu. Mwandishi Jane Austen, aliyeishi tangu 1775 hadi 1817 na kuandika hadithi nyingi za watu wa magauni haya, alikuwa hodari wa sindano. Nyumba aliyokaa kijijini Chawton leo ni makumbusho, na ndani yake kuna kifuniko cha kitanda cha viraka alichoshona pamoja na mama yake na dada yake Cassandra. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba nguo ya mkono ni nguo ya kimaskini.

Sababu ya pili ni kwamba gauni hili linamsamehe anayejifunza. Halina zipu. Halina kola. Kiunoni halibani, kwa hiyo hakuna ile hesabu ngumu ya kupatanisha kifua, kiuno na nyonga, ambayo huwatoa wanafunzi machozi. Kuna namna moja ya gauni hilo ambayo hufungwa kwa kamba mbili tu, moja shingoni na moja chini ya matiti. Ukikata pana kidogo, kamba inavuta. Ukinenepa, unalegeza kamba. Mama mjamzito analivaa, na akijifungua anaendelea nalo.

Kabla hatujashika mkasi tuseme kidogo juu ya kitambaa, kwa sababu kitambaa ndicho kilicholeta mtindo huu. Kilikuwa melimeli. Wazee wa Mombasa na Lamu wanalijua neno hili, ni pamba nyepesi iliyotoka Bara Hindi. Melimeli iliyosifiwa kuliko zote ilifumwa Dhaka, katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh, kwa uzi mwembamba uliosokotwa kwa mkono. Waingereza nao wakaanza kuiga. Mwaka 1779 Samuel Crompton alitengeneza mashine ya kusokota nyuzi nyembamba, viwanda vya Lancashire vikafyatua melimeli ya bei nafuu, na wafumaji wa Dhaka wakakosa soko. Na pamba ya viwanda hivyo ilitoka wapi? Nyingi yake ilitoka Marekani ya kusini, ikilimwa na kuchumwa na watumwa, watu wa rangi yetu, hasa baada ya Eli Whitney kutengeneza mashine ya kutenga mbegu na pamba mwaka 1793. Tunayasema haya si kwa kuwaharibia hamu. Ni vizuri mtu akishika nguo ajue mikono iliyopita hapo. Hata amerikani yetu, kile kitambaa kigumu cha rangi ya maziwa ambacho nyanya zetu walikijua sana, iliitwa hivyo kwa sababu ililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani kutoka viwanda vya Massachusetts katika miaka ya 1830.

Amerikani hiyo tunaihitaji. Nunueni mita moja kila mtu. Kazi yake tutaieleza.

Kitambaa cha gauni lenyewe msinunue dukani. Nendeni kwenye mitumba mkatafute shuka la kitanda la pamba, lile la watu wawili, jeupe ama la maua madogo madogo. Lipimeni: likiwa na upana wa sentimita 228 na urefu wa 254 hivi linatosha gauni zima, na mabaki yatatoa kamba. Lisiwe na nailoni ndani yake. Njia ya kujua ni kuchomoa uzi mmoja na kuuwasha kiberiti nje ya nyumba: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu, nailoni inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Muuzaji akikataa usichomoe uzi, kunja shuka ngumini kwa nguvu kisha liachilie. Pamba inabaki na makunyanzi. Mkifika nyumbani lifueni na kulianika kabla ya kukata. Shuka kuukuu ni zuri kuliko jipya kwa sababu limekwisha kulainika, na gauni hili linataka kitambaa kinachoanguka chenyewe. Kitambaa kigumu kitakufanya uonekane kama hema.

Sasa vipimo. Mtapimana wawili wawili. Chukueni kifua, kwa kuzunguka. Chini ya matiti, kwa kuzunguka. Begani kupitia juu ya titi mpaka chini yake. Kutoka chini ya titi mpaka kifundo cha mguu. Na unene wa mkono juu ya kiwiko. Vitano tu. Viandikeni kwenye daftari, si kwenye kiganja.

Tuseme mwenzako ana kifua inchi 36, chini ya matiti 31. Kwanza mnakata bitana kwa ile amerikani. Bitana ni ya kubana, haina marinda: mbele kipande kimoja, nyuma vipande viwili kwa sababu ndipo gauni linapofunguka. Kateni kwa nafasi ya inchi nzima pande zote za mshono, pigeni bandi kwa mishono mirefu, mvisheni mwenzako, kisha mbane pini. Chini ya kila titi kunjeni mkunjo mmoja mdogo ili kitambaa kikae. Kwapani pakibana, punguzeni kidogo kidogo kwa mkasi, nusu inchi kwa wakati. Hapa msiharakishe hata kidogo. Wanafunzi hutaka kuruka hatua hii kwa sababu bitana haionekani, lakini bitana ndiyo inayobeba gauni lote. Sehemu ya juu ikikaa vizuri, huko chini hata kipofu atashona.

Jambo moja la ajabu kwa macho yetu ni mgongo. Mgongo wa gauni hili ni mwembamba sana, mishono ya mabega imerudi nyuma, na mikono imeshonewa karibu na mabapa ya mgongoni. Hilo si kosa la mchoraji. Ndiyo sura yake. Ukiweka mishono ya mabega juu kabisa kama katika blauzi zetu za kawaida, gauni litakuwa zuri, lakini halitakuwa la wakati ule. Chagueni wenyewe, ila anayeshonea mchezo wa kuigiza asibadilishe.

Bitana ikishakubali, ndipo mnafungua shuka. Sketi ni vipande viwili, kila kimoja upana wa sentimita 114 na urefu wa kutoka chini ya titi hadi kifundo, ongeza sentimita 7 za pindo na mshono. Mkivikata kwa upana wa shuka, mmetumia karibu nusu yake. Nusu iliyobaki inatoa kifua, mgongo, mikono na kamba. Kipande cha mbele cha kifua kikatwe kipana kuliko bitana: kwa huyu wa 36, bitana ya mbele ni inchi 18, basi kitambaa cha juu kiwe 26, ili zile 8 zilizozidi zivutwe na kamba zifanye marinda. Mgongo ukatwe sawa na bitana, bila marinda. Mkono wa gauni uwe na upana wa mara moja na nusu ya unene wa mkono wa mtu, urefu inchi 9, na juu uwe na mviringo wa kutosha kuvutwa begani.

Tuje kwenye sindano yenyewe. Mishono mnayohitaji ni minne tu. Bandi mnaijua. Mshono wa kurudi nyuma, ambapo sindano inatoka mbele kidogo kisha inarudi kuziba nafasi, ni wa mabega, kwapa na ubavu, yaani popote panapovutwa. Kwa mishono mirefu ya sketi, ambayo haibebi uzito, pitisheni sindano mbele tu, na baada ya kila mishono mitano mrudi nyuma mara moja ili kufunga. Wa nne ni wa pindo, ule wa kudokoa uzi mmoja tu wa kitambaa cha nje usionekane. Jaribuni kufikisha mishono kumi katika inchi moja. Wiki ya kwanza mtapata sita. Si neno. Uzi usizidi urefu wa mkono wenu, kwa maana mrefu hujifunga mafundo, na mwataka kumaliza leo. Upakeni nta ya nyuki, kipande kidogo tu kinatosha darasa zima, uzi unateleza wala haukatiki. Na kila mtu awe na kastabani ya kidole cha kati. Asiye nayo ashone kipande cha ngozi kama kofia ya kidole. Tumeona vidole vilivyotoboka, na damu kwenye shuka jeupe haichekeshi.

Marinda ya sketi ndiyo kazi tunayoipenda kuliko zote. Pitisheni nyuzi mbili juu ya kitambaa, moja chini ya nyingine robo inchi, mishono ya nyuzi zote mbili ikisimama sambamba kama mistari ya mahindi. Kisha vuteni nyuzi zote mbili pamoja. Marinda yatajipanga yenyewe. Mbele acheni machache sana, sketi ianguke laini. Karibu yote yasukumeni nyuma katikati, yakae katika upana wa kiganja kimoja na nusu. Hapo ndipo gauni linapata ile mwendo yake, mtu akitembea kitambaa kinamfuata nyuma. Msisahau kuacha mpasuko wa inchi 9 nyuma ya sketi, la sivyo hamtaingia.

Baada ya hapo unganisheni sketi na sehemu ya juu, tieni mikono, kunjeni njia za kamba shingoni na chini ya matiti, na pindo la chini liwe la mwisho kabisa, mtu akiwa amesimama na viatu vyake. Tusitumie muda hapo, tutaonyeshana kwa vitendo.

Mama mmoja ametuuliza juu ya heshima, na ni swali la haki. Melimeli ilikuwa nyepesi mno, na hata huko Uingereza wachoraji wa vibonzo waliwacheka wanawake waliovaa kama hawakuvaa. Lakini wengi walitanguliza shimizi ya kitani, juu yake vazi la kubana na kuinua kifua, kisha gagulo, ndipo gauni. Nanyi vaeni gagulo. Shingo mnaweza kuijaza kwa kitambaa chepesi kinachochomekwa ndani. Wao pia walifanya hivyo mchana, shingo wazi ikawa ya jioni na dansi.

Sasa tuongee pesa, maana najua hapa ndipo mlipokuwa mnangojea.

Gauni hili kwa mkono wa anayeanza ni kama saa 30. Saa mbili kila jioni, siku kumi na tano. Tuseme shuka shilingi 300, amerikani na uzi na nta 350. Ukijilipa shilingi 60 tu kwa saa, mkono wako ni 1,800. Jumla 2,450. Halafu jirani anakuambia gauni la mtumba ni 200. Kwa hiyo tunawaambia wazi: msishone nguo za kila siku kwa mkono ati mwende kuuza sokoni. Mtalia. Atakayewaambia mtatajirika hivyo anawadanganya.

Hata wakati ule hesabu haikuwa upande wa mshonaji. Kitambaa kilikuwa ghali, mikono ikawa rahisi. Gauni lilifumuliwa, likageuzwa, likakatwa upya kuwa la mtoto, kwa sababu kitambaa hakitupwi, lakini msichana aliyelishona usiku kucha kwa mwanga wa mshumaa alilipwa kidogo mno. Leo kwetu kitambaa kimekuwa rahisi kwa sababu ya mitumba, na bado mikono ni rahisi vile vile. Hilo linatuudhi, na ndiyo maana tunawafundisha kuandika saa zenu kwenye daftari kila mnapoketi kushona. Mtu asiyejua ametumia saa ngapi hawezi kubishana bei.

Faida iko mahali pengine. Shule zina tamasha za maigizo na zinahitaji mavazi ya zamani ambayo hayapatikani mtumba. Maharusi wanataka gauni la kiuno cha juu, na wako tayari kulipia pindo la mkono. Na mafundi wenye cherehani hapa sokoni wanachoka na kazi za mkono: vifungo, tobo, mapindo ya suti, kubana bitana. Wanafunzi wetu wawili wa mwaka jana wanafanya kazi hiyo nyumbani, wanalipwa kwa kila nguo, na mmoja ameanza kuweka akiba ya cherehani kwenye chama chake. Hakungoja mashine ndipo ajifunze. Mashine itamkuta fundi tayari.

Dada mmoja pale amenyanyua mkono. Ndiyo, wanaume pia wanashona. Wale vijana wetu wawili wataanza na shati la zamani hizo, ambalo ni miraba mitupu, hakuna kiungo cha mviringo hata kimoja. Ni rahisi kuliko gauni, kwa hiyo wasijigambe wakimaliza mapema.

Basi Jumanne saa nane tunaanza. Njooni na shuka lililofuliwa, mita moja ya amerikani, uzi mweupe wa pamba, sindano tatu nyembamba, pini, daftari na futi ya kupimia. Mkasi mkali tutagawana. Asiyeweza kupata shuka kufikia Jumanne aje hivyo hivyo, tuna mapazia mawili ya zamani tutakata.